Nani Ameshika Swichi?

Basi la mkoani likizidisha kilomita 80 kwa saa, kisanduku kilicho karibu na dereva hupiga kelele, na kabla abiria hajamaliza kuuliza kuna nini, taarifa ya kosa hilo imeshafika kwenye kompyuta za LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini Tanzania. Kisanduku hicho Watanzania wengi wanakijua kwa jina la VTS. Kina laini ya simu na kipokezi cha setelaiti, na kazi yake ni kusema kwamba basi namba fulani liko hapa na linakwenda mwendo huu saa hii. Wenye mabasi walikilalamikia, baadhi ya madereva wakakichezea, LATRA ikawaadhibu. Mvutano huo ulitufundisha upande mmoja wa teknolojia hii, upande wa kuchungwa. Upande wa pili, wa fedha, umepita karibu kimyakimya, na huo ndio unaonishughulisha leo.

Hoja yangu ni kwamba mashine ikishapewa njia ya kuzungumza na aliyeitengeneza, kitu cha kwanza kubadilika ni mkataba. Mota inabaki mota, pampu inabaki pampu. Kinachohama ni majibu ya maswali ambayo zamani hayakuwa na ubishi: mali hii ni ya nani, hasara ikitokea inamwangukia nani, na nani anaweza kuizima. Wauzaji watakuonyesha skrini yenye grafu za rangi na taa za kijani. Mimi naomba kuona swichi iko mkononi mwa nani.

Habari za viwanda vyenye mashine zinazowasiliana huletwa kwetu kama jambo la Ujerumani na Japani ambalo sisi tutalipokea baadaye, likiwa limechakaa. Si kweli. Moja ya majaribio makubwa kabisa ya biashara ya namna hii lilifanyika kwenye nyumba za mabati na za nyasi za Afrika Mashariki, na viwanda vya Ulaya vingeweza kujifunza mengi kwalo.

Oktoba 2012 M-KOPA ilianza kuuza rasmi nchini Kenya mtambo mdogo wa umeme wa jua: paneli, betri, taa chache na waya wa kuchajia simu. Mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa ameshiriki kuiasisi M-PESA alipokuwa Vodafone, kwa hiyo alijua kwamba Mkenya wa kijijini anaweza kutuma shilingi 40 bila kuona mlango wa benki. Mteja alitoa kianzio, kisha akalipa shilingi 40 za Kenya kwa siku kwa mwaka mmoja, hela ambayo nyumba nyingi zilikuwa zikiiteketeza kwenye mafuta ya taa. Ndani ya kisanduku cha betri kulikuwa na laini ya simu. Ukilipa, seva inatuma amri na taa zinawaka. Siku zako zikiisha hujalipa, zinazima. Ukimaliza deni, kisanduku kinafunguliwa moja kwa moja na mtambo unakuwa wako.

Litazame jambo hilo kwa jicho la mhasibu. Benki isingemkopesha mkulima asiye na hati ya shamba wala karatasi ya mshahara, kwa sababu nauli ya afisa mikopo wa kumfuatilia ingezidi faida ya mkopo wenyewe. Laini ile ndani ya betri ilifanya kazi ya hati, ya mdhamini na ya dalali wa mahakama kwa mpigo. Dhamana ya mkopo ikawa ni uwezo wa kuzima.

Wengine walifuata au walikuwa sambamba: Off-Grid Electric iliyoanzia Arusha, Fenix International iliyofanya kazi na MTN nchini Uganda, Mobisol ya Berlin iliyouza Tanzania na Rwanda. Si wote waliotia laini ndani ya kila mtambo. Modemu ni gharama, na vijiji vingi havikuwa na mtandao wa kutegemewa. Baadhi wakaweka vitufe: mteja analipa kwa simu, anapokea namba, anazibonyeza, na mtambo unajihesabia siku zake. Mtumiaji wa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, anaujua utaratibu huo vizuri. Mita yake ya kawaida haizungumzi na mtu yeyote. Kidole cha mteja ndicho mtandao. Ndiyo maana mwaka 2024 wateja wa TANESCO na wa Kenya Power walilazimika kuingiza mafungu mawili ya tarakimu 20 kabla ya zile za umeme wenyewe. Saa ya mfumo wa kimataifa unaotumiwa na mita hizo, inayohesabu dakika tangu 1993, ilikuwa inafika ukingoni tarehe 24 Novemba, na hakuna mtu aliyeweza kuzirekebisha mita akiwa ofisini. Bibi asiyeona vizuri aliitiwa mjukuu aje abonyeze. Mita zenye mawasiliano zingemaliza kazi hiyo usiku mmoja, wateja wamelala.

Baada ya miaka kadhaa ya kukusanya malipo, kampuni ya namna ya M-KOPA inakuwa imejua jambo ambalo benki hailijui: nani hulipa kila siku, nani hulipa baada ya gulio, nani hukwama Januari karo za shule zinapodaiwa. Historia hiyo ikawa na thamani kuliko paneli. M-KOPA ikaitumia kuuza vitu vingine, na sasa wengi wanaijua kwa simu janja za mkopo, simu zinazojifunga malipo yakichelewa. Kampuni iliyoanza na taa imeishia kuwa taasisi ya mikopo yenye kiwanda cha kuunganisha simu Nairobi. Sidhani kama waanzilishi waliiona njia hiyo tangu mwanzo, lakini teknolojia yenyewe iliwasukuma huko.

Mobisol ni upande wa pili wa hadithi hiyohiyo. Iliuza mitambo mikubwa zaidi, yenye kuweza kuendesha televisheni, kwa malipo ya miaka mitatu. Vifaa vilifanya kazi, wateja walikuwepo. Hata hivyo, Aprili 2019 kampuni ilijisalimisha kwenye taratibu za ufilisi Ujerumani, na mwaka huohuo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa, ambayo ilikuwa tayari imeshainunua Fenix. Ugumu wa biashara hii uko kwenye mtaji. Kiwanda kinataka fedha yake siku meli inapopakia, tena kwa dola. Mteja anarudisha kwa shilingi, kidogo kidogo, hadi mwaka wa tatu. Katikati hapo shilingi inaweza kushuka, mvua inaweza kugoma, na aliyekukopesha Ulaya anadai vilevile. Ukiuza mashine kwa matumizi badala ya kuiuza taslimu, umeacha kuwa muuzaji na umekuwa benki, upende usipende.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1962 kampuni ya Uingereza, Bristol Siddeley, ilianza kuwatoza wenye ndege ndogo za de Havilland 125 kiasi maalumu kwa kila saa ambayo injini yake ya Viper ilikuwa angani. Matengenezo na vipuri vikawa mzigo wa kampuni. Rolls-Royce ilipoinunua Bristol Siddeley mwaka 1966 ikarithi utaratibu huo, na miongo kadhaa baadaye ikaujenga upya kwa ajili ya injini kubwa za ndege za abiria. Mawasiliano yaliongeza macho. Vihisi ndani ya injini hupima joto, presha, mtetemo na kasi ya mzunguko, taarifa zinatumwa ndege ikiwa bado angani, na wahandisi walioko Derby, Uingereza, wanaamua injini ipi iteremshwe lini. Bila taarifa hizo, kuuza saa za injini ni kamari. Zikiwepo, bei inakokotolewa.

Uzuri wa mpango huu uko kwenye masilahi. Zamani injini ilipoharibika mtengenezaji alifurahi kimoyomoyo, maana vipuri ndivyo vyenye faida. Sasa ikiharibika anapoteza yeye, kwa hiyo ana sababu ya kuitengeneza idumu. Kaeser, watengenezaji wa kompresa wa Ujerumani, wanafanya vivyo hivyo na upepo: wanafunga kompresa kiwandani kwa mteja, zinabaki mali yao, na mteja anapokea ankara ya mita za ujazo za hewa alizotumia. Mwenye kiwanda hanunui tena chuma, ananunua upepo.

Halafu ikaja 2020. Ndege ziliegeshwa dunia nzima, saa za kuruka zikakauka, na Mei mwaka huo Rolls-Royce ikatangaza kupunguza nafasi za kazi zisizopungua 9,000. Mtengenezaji aliyeuza saa aligundua kwamba pamoja na saa hizo alikuwa amenunua hatari za mteja wake. Angekuwa ameuza injini taslimu, fedha ingekuwa benki na maumivu yangekuwa ya mashirika ya ndege peke yao. Jambo hili washauri wa biashara hulisahau kila wanapokuja na vitini vyao vya kuhimiza viwanda viache kuuza bidhaa na viuze huduma.

Kihisi pia hakitengenezi kipuri. Ndege za Airbus A220 za ATCL, shirika la ndege la Tanzania, zinatumia injini za Pratt & Whitney ambazo zimewasumbua wengi duniani, na tangu 2022 baadhi ya ndege hizo zilisimama chini kwa sababu ya injini hizo. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka wa fedha 2022/23 ilionyesha hasara ya shirika imepanda hadi shilingi bilioni 56.64, na kusimama kwa ndege kulitajwa miongoni mwa sababu. Injini hizo ni kati ya mashine zinazochunguzwa kwa karibu zaidi duniani. Hakuna aliyekosa taarifa. Kilichokosekana ni vipuri, injini za akiba na nafasi kwenye karakana chache zinazoruhusiwa kuzifungua, na mteja mdogo akajikuta kwenye foleni moja na mashirika yenye mamia ya ndege.

Somo hilo ndilo naligeuzia viwanda vyetu vya saruji, sukari, vinywaji na nguo. Kazi ya kutabiri kuharibika kwa mashine si uchawi. Beringi ya mota ina njia mbili, ya ndani na ya nje, na magololi kati yake. Ufa mdogo kwenye njia mojawapo hugongwa na kila gololi linalopita, na mgongano huo una mapigo yanayojulikana kwa hesabu kutokana na vipimo vya beringi na kasi ya mota. Kihisi cha mtetemo hunasa mapigo hayo wiki nyingi kabla sikio halijasikia. Fundi mzoefu huweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini sikioni, akakuambia hii haifiki mwisho wa mwezi. Kihisi kinasikiliza hivyohivyo kila dakika, mchana na usiku, kwenye mota ambazo fundi hazifikii kwa sababu ziko juu ya bomba la mvuke.

Lakini utabiri wa wiki tatu ukikutana na kipuri cha miezi mitatu, umepata muda wa kuhuzunika tu. Kwa Mjerumani, ambaye beringi inamfikia kesho asubuhi, thamani ya kihisi ni kuepuka kusimama kwa saa chache. Kwetu, ambako kipuri kinatoka ng'ambo, kinapita bandarini, kinasubiri kibali na malipo ya fedha za kigeni, kihisi kina thamani kubwa zaidi kuliko kwa Mjerumani, kwa sharti moja: taarifa yake ifike kwa mtu wa manunuzi siku hiyohiyo, naye awe na mamlaka ya kuagiza. Vihisi vikifungwa kwenye mashine wakati utaratibu wa manunuzi haujaguswa, kiwanda kitakuwa kinajua tarehe ya msiba wake na kushindwa kuuzuia.

Nikiulizwa kiwanda cha kati cha Dar es Salaam, Mwanza au Thika kianzie wapi, siwaelekezi kwenye beringi kwanza. Nawaelekeza kwenye umeme. Mteja mkubwa wa TANESCO halipii uniti peke yake; analipia pia kiwango cha juu kabisa cha mzigo alichofikia katika mwezi. Umeme unapokatika na kurudi, kila idara huwasha mitambo yake kwa pamoja ili kufidia muda uliopotea: majokofu, boila, kompresa, mashine za kusaga. Mzigo unapanda kwenye kilele, na kilele hicho kinatozwa hata kama mwezi mzima uliobaki kiwanda kilifanya kazi kwa utulivu. Meneja asiye na mita za mawasiliano kwenye kila idara huona ankara mwisho wa mwezi na kulaumu bei ya serikali. Mwenye nazo anaona kilele kilipandishwa na nani, saa ngapi, naye anapanga zamu ya kuwasha. Mita hizo ni za bei ya kawaida, hazihitaji akili mnemba, na faida yake inaonekana kwenye ankara inayofuata. Hazina mvuto kwenye mikutano, ndiyo maana husikii zikisemwa.

Mvuto mwingi umewaponza hata wakubwa. General Electric ya Marekani, chini ya Jeffrey Immelt, ilitangaza kwamba kufikia 2020 itakuwa miongoni mwa kampuni kumi kubwa za programu duniani, ikijengea juu ya mfumo wake wa Predix uliokusudiwa kuunganisha turbini, treni, injini za ndege na mashine za hospitali. Immelt aliondoka 2017. Juni 2018 kampuni iliondolewa kwenye orodha ya hisa ya Dow Jones ambamo ilikuwamo mfululizo tangu 1907, na kufikia Aprili 2024 ilikuwa imegawanywa kampuni tatu. Predix haikuwa sababu pekee ya mkasa huo, wala kubwa kuliko zote. Ila naona kosa lake lilikuwa wazi: walidhani kila mashine duniani inaweza kuzungumza lugha moja na kwamba wenye viwanda watakubali kumkabidhi mshindani au msambazaji wao taarifa za ndani. Mwenye kiwanda ana mashine za miaka tofauti, za nchi tofauti, na nyingine hazina hata nyaraka. Tena ana akili zake.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye swichi. Mwaka 2022, baada ya majeshi ya Urusi kuiteka Melitopol nchini Ukraine, mashine za kilimo za John Deere zenye thamani ya karibu dola milioni 5 ziliibwa kwenye duka la wakala na kusafirishwa hadi Chechnya. Zilipofika, wezi hawakuweza kuziwasha. Zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Dunia ilishangilia, na mimi pia nilicheka. Ila mkulima yeyote mwenye mashine ya namna hiyo alipaswa kucheka kwa uangalifu, kwa kuwa ufunguo uliomfungia mwizi ni uleule unaoweza kumfungia yeye.

Wakulima wa Marekani walikuwa wameshaanza ugomvi huo zamani. Trekta la kisasa likigundua hitilafu linaweza kukataa kufanya kazi mpaka programu ya kampuni iithibitishe, na programu hiyo ilikuwa kwa mawakala. Mazao yako tayari, mvua inanyemelea, na fundi wa wakala yuko mbali. Aprili 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria inayowalazimisha watengenezaji wa zana za kilimo kuwapa wakulima na mafundi wa kujitegemea vifaa, programu na maelekezo ya kutengenezea. Januari 2025 mamlaka ya ushindani ya Marekani, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliishtaki Deere kwa madai ya kuhodhi matengenezo. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: sheria yake kuhusu data, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, inampa mtumiaji wa kifaa kilichounganishwa haki ya kupata taarifa zinazozalishwa na kifaa hicho na kumpa mtu mwingine akitaka, kwa mfano fundi asiye wa kampuni.

Sisi tuna nini? Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Zote ni sheria nzuri, na zote zinamlinda mtu: jina lako, afya yako, namba yako ya simu. Mtetemo wa turbini ya kiwanda cha sukari si taarifa binafsi ya mtu yeyote. Hapo sheria imenyamaza na mkataba ndio unaosema, na mkataba huo mara nyingi umeandikwa na muuzaji, kwa Kiingereza, kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo. Matokeo yake mtengenezaji anaweza kujua jenereta yako ilipita mzigo mara ngapi, akaitumia taarifa hiyo kukataa madai yako ya dhamana, na wewe huna nakala ya kujitetea nayo. Mashine iko kwako, umeilipia, kumbukumbu zake ziko kwake.

Kuna pia suala la umbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania na ya majirani ikayumba kwa siku kadhaa. Waliokosa video walinung'unika. Mtambo ambao kabla ya kufanya kazi lazima uombe ruhusa kwenye seva iliyoko Ulaya ungekuwa umesimama kabisa. Miaka mitatu kabla, Julai 2021, Transnet, shirika la reli na bandari la Afrika Kusini, ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, na bandari ya Durban ikarudi kwenye makaratasi huku malori yakipanga foleni. Kila laini unayoifunga kwenye mashine ni mlango, na mlango hauchagui anayeingia. Kwa hiyo kanuni yangu kwa wahandisi ni ya kikale: mashine iweze kuendeshwa kwa mkono na taarifa zihifadhiwe hapohapo kiwandani, mtandao ukipatikana ndipo zisafiri.

Wimbi linalokuja ni la betri za vyombo vya usafiri, na hapo Afrika Mashariki iko mbele tena. BasiGo ya Nairobi inawauzia wenye matatu mabasi ya umeme kwa mpango wa kulipia kila kilomita, ili gharama ya betri isimwangukie mnunuzi siku ya kwanza. Ampersand, iliyoanzia Kigali, inamwachia dereva wa bodaboda pikipiki lakini betri inabaki mali ya kampuni. Betri ikiisha anaingia kituoni, anabadilisha kwa dakika chache, analipia nguvu aliyotumia. Mipango hii isingewezekana bila mawasiliano. Betri ni sehemu ya gharama kubwa kuliko zote, inazunguka mikononi mwa watu wasiofahamiana, na kampuni lazima ijue kila moja iko wapi, imebaki na nguvu kiasi gani na imetendewaje.

Naipenda mipango hii. Imempa dereva chombo ambacho asingekipata, na mafuta yakipanda bei yeye hatetereki kama mwenzake wa petroli. Lakini dereva asidanganywe kwamba amenunua pikipiki kwa maana aliyoizoea. Pikipiki ya petroli inakunywa petroli ya kituo chochote. Ya betri za kubadilisha inakunywa kituo cha kampuni moja, na kampuni hiyo ikipandisha bei, ikihama mji au ikifilisika, chombo kinabaki chuma. Wadhibiti wa Rwanda, Kenya, Uganda na Tanzania wangefanya jambo la maana wakikubaliana mapema juu ya viwango vya pamoja vya betri na plagi, kama Kenya, Uganda na Rwanda zilivyoshirikiana kwenye kufuatilia mizigo inayopita kwa lakiri za kielektroniki. Wakisubiri kampuni ziwe kubwa, watakuwa wanajadiliana na walioshika swichi.

Mwenye kiwanda, mwenye mabasi, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima: mkataba wa mashine yoyote yenye laini ya simu ukija mezani kwako, usiusaini kabla haujaandikwa kwamba taarifa za mashine ni zako na utapewa nakala kila unapoitaka, kwamba mtandao ukikatika mashine itaendelea kufanya kazi, kwamba fundi wako ataruhusiwa kuifungua, na kwamba haitazimwa kutoka mbali bila notisi ya siku mnazokubaliana. Omba pia iandikwe nini kitatokea kwa seva kampuni ikifilisika. Muuzaji atasema haya hayamo kwenye fomu yao ya kawaida. Mwambie ayaweke, na umwite mwanasheria siku hiyo, kabla fundi hajaitwa kufungua maboksi.